Asumini Kwenye Debe: Historia ya Bustani Isiyo na Kiwanja, Kutoka Unguja Mpaka Geita



Maharusi wetu siku hizi wanaolewa mbali. Zamani ukisikia mtu kaolewa bara, unajua ni Dar es Salaam au Tanga, ukimkumbuka unapanda boti. Leo mume yuko Kahama anauza vipuri, au yuko Geita ana duka la mabomba na koleo za wachimbaji, na biharusi anafunga safari ya siku nzima na zaidi barabarani na masanduku yake ya kanga, udi na chetezo. Anafika anakuta chumba na sebule katika nyumba ya wapangaji sita. Uwanja ni wa saruji, au wa vumbi jekundu linalopita kila mtu. Hana hata mkono mmoja wa ardhi ulio wake. Asumini ya kuweka kichwani ataipata wapi, na nanaa ya chai, na mchicha wa jioni bila kupanga foleni gengeni?

Jibu wanawake wamelipata siku nyingi, nalo ni chombo. Chungu kilichopasuka, debe, kopo, dumu, gunia. Hakuna aliyeandika kitabu cha historia ya kopo la maua, maana ni kitu cha nyuma ya nyumba, lakini historia ipo, na upande wa Shinyanga na Geita ina jambo moja ambalo kila anayehamia huko anapaswa kulijua kabla hajaokota chombo njiani. Nitalifikia.

Tuanze na udongo. Kabla bati halijafika, chombo cha kupandia kilikuwa kile kilichokwisha kazi jikoni. Usukumani, kama sehemu nyingi za bara, ufinyanzi umekuwa kazi ya wanawake, na chungu kikipata ufa hakitupwi. Hakitashika maji ya kupikia tena, ila udongo kitashika, na ule ufa wenyewe unatoa maji yanayozidi. Kwetu pwani tulikuwa na kifuu, ambacho kinatosha kabisa kuoteshea mbegu ya pilipili. Bara hakuna minazi, ila kuna kibuyu, nacho kikivunjika kinafanya kazi ileile.

Chungu kina matumizi mengine ambayo naona yamesahaulika bila sababu. Ukikizika ardhini mpaka shingoni, ukakijaza maji na kukifunika, maji yanapenya taratibu kwenye kuta zake na mizizi inakunywa kadiri inavyohitaji. Wachina waliandika juu ya njia hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kwa mahali kama Shinyanga, ambako mvua zikikatika mwezi wa tano unaweza kukaa mpaka Oktoba au Novemba hujaona wingu la maana, sioni teknolojia iliyo bora kuliko hiyo kwa bei hiyo. Sharti moja tu: chungu kisiwe kimepakwa rangi wala king'arishio, maana hakitapenya.

Kisha likaja debe. Neno lenyewe limetoka Bara Hindi, lakini chombo kilikuja na mafuta ya taa. Mwishoni mwa karne ya 19 mafuta ya taa ya Kimarekani yalikuwa yanasafirishwa dunia nzima yakiwa kwenye makopo ya bati ya pembe nne, mawili mawili ndani ya kasha la mbao, na bandari ya Unguja ilikuwa inafanya biashara na Wamarekani tangu mkataba wa 1833, enzi za Sayyid Said. Mafuta yalikwisha taani, kopo likabaki. Na lile kopo, dada zangu, limejenga nusu ya Afrika Mashariki! Lilichotea maji, likapimia mahindi na mchele mpaka likawa kipimo sokoni, likakunjuliwa likawa bati la paa na ukuta wa banda. Hata leo mama anayeuza mahindi Shinyanga anakutajia bei ya debe, ingawa anapimia ndoo ya plastiki.

Likishaoza kitako halifai kwa maji wala nafaka. Hapo ndipo linapokuja kwetu. Kitako kilichotoboka ndicho mmea unachotaka. Ukipita nyumba za zamani za Mji Mkongwe, ng'ambo, au mashamba, utaona makopo na madebe yamepangwa kandoni mwa ukuta au juu ya dari: asumini, mrehani, nanaa, mshubiri kwa ajili ya kuungua jikoni. Nyumba za mawe za mjini hazina viwanja. Zina ua wa ndani na dari. Mwanamke wa mjini alikuwa hana ardhi sawasawa na huyu mpangaji wa Geita, na kikuba akawa nacho.

Kuhusu kikuba nisiseme sana, mnakijua. Asumini, mrehani na kilua vimefungwa pamoja, biharusi anavaa kifuani au nyweleni na chumba kizima kinajua. Ila nitasema jambo dogo kuhusu mkilua ambalo mimi hulipenda. Mwaka 1970 wataalamu wa mimea walipoupa mti huu jina la kisayansi, hawakutafuta Kilatini kwa mbali. Walichukua jina letu wakauita Mkilua fragrans. Ni mti wa misitu ya pwani, unapenda kivuli na unyevunyevu, kwa hiyo usijisumbue kuupeleka Shinyanga. Asumini na mrehani ndivyo vinavyosafiri.

Na njia ya kusafiria ni ya zamani. Katikati ya karne ya 19 misafara ya Waarabu na Waswahili kutoka pwani ilikuwa imeweka makao Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, na kutoka hapo wengine walipanda kaskazini kupitia nchi ya Wasukuma mpaka Ziwa Nyanza. Richard Burton alipofika Kazeh mwaka 1857 alikuta Waarabu wana nyumba zenye bustani. Miembe iliyobaki kando ya njia za misafara ni kumbukumbu yao mpaka sasa. Tunawataja sana wanaume wenye misafara. Wake na masuria waliokaa na kumwagilia hizo bustani, na watumwa waliochimba, majina yao hayakuandikwa.

Shinyanga yenyewe ina historia ya mimea iliyo chungu kidogo. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliendesha vita dhidi ya mbung'o, na Shinyanga ikawa kituo kikuu cha utafiti wake chini ya Charles Swynnerton, ambaye alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Mbung'o anakaa vichakani, kwa hiyo dawa ilikuwa kufyeka vichaka na kukata miti, eneo kubwa baada ya eneo kubwa. Mbung'o walipungua, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikaja na kutaka mashamba mapya, kuni zikaendelea kukatwa. Kisha katika operesheni ya vijiji ya 1974 na 1975 watu wakahamishwa kutoka kwenye maboma yao, wakaacha nyuma ngitili zao. Ngitili ni desturi nzuri ya Wasukuma: sehemu ya malisho inafungwa wakati wa masika isiguswe, ili kiangazi ng'ombe wapate nyasi. Ikikaa hivyo, na miti inarudi yenyewe.

Miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa. Aliyelipa gharama ni mwanamke, maana kuni na maji ni kazi yake, na kila mwaka alikuwa anatembea mbali zaidi. Mwaka 1986, wakati Mzee Ali Hassan Mwinyi ametoka kuwa Rais wa Zanzibar na kushika Muungano, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Walianza kwa kutaka kupanda miti ya vitaluni, na baadaye wakaona kitu wazee walichokuwa wanakijua: ukifunga ngitili, miti inaota bila kupandwa. Mpaka mradi unafika mwisho mwaka 2004, ngitili zilizorudishwa zilikuwa zimepita hekta 300,000. Hiyo ni zaidi ya Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja.

Lakini miti ya nyumbani, ya matunda na kivuli, haikurudi yenyewe. Hiyo ilitoka kwenye viriba. Kiriba ni ile mifuko myeusi ya nailoni ya miche. Palipokosekana kiriba, kopo la maziwa lilitosha. Ndugu zetu wa Kenya walifanya vivyo hivyo: Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, wanawake wa vijijini waliotesha miche kwenye vyungu vilivyovunjika na chochote walichokuwa nacho. Wataalamu wa misitu waliwacheka. Miche iliota. (Na kwa wanaouliza kuhusu katazo la mifuko ya plastiki, la Zanzibar la 2006 na la bara la Juni 2019: katazo la bara liliacha nje vifungashio vya kilimo, kwa hiyo kiriba si kosa.)

Baada ya debe likaja gunia, na gunia letu nalo ni mtoto wa chombo cha kupandia. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipita Hamburg, ikaja Tanga, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka 62 hiyo likazaliwa zao lililoifanya Tanganyika mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na magunia ya mkonge yakaenea kila ghala. Baadaye kikaja kiroba, mfuko mweupe wa plastiki iliyofumwa, wa unga na sukari. Mjini Nairobi mwaka 2008, baada ya fujo za uchaguzi, njaa ilipoingia Kibera, shirika la Kifaransa la Solidarités lilifundisha familia kupanda mboga kwenye magunia mlangoni. Gunia moja linatoboka pembeni kote, kwa hiyo linabeba miche mingi katika nafasi isiyozidi beseni la kufulia. Kutoka hapo njia hii imesambaa, na ukipita mitaa ya Shinyanga na Geita leo utaiona.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Geita ni nchi ya dhahabu. Wajerumani waliiona mwishoni mwa karne ya 19. Mgodi wa wakati wa Waingereza ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 mpaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, na Geita ikawa mkoa mwaka 2012. Lakini kandoni mwa migodi mikubwa wapo wachimbaji wadogo, na kandoni mwa wachimbaji wadogo wapo wanawake wanaoponda mawe, wanaopika na wanaouza maji. Jiwe linasagwa kwenye karasha, linaoshwa mwaloni, kisha mtu anatia zebaki kwenye karai na kukoroga, mara nyingi kwa mkono mtupu. Zebaki inashika dhahabu. Kile kidonge kinachobaki kinachomwa, zebaki inapaa kama moshi, dhahabu inabaki. Moshi ule hauendi mbinguni ukapotea. Unashuka juu ya mapaa, juu ya uwanja, juu ya majani ya mchicha.

Mchanga uliokwisha oshwa unaitwa marudio, kwa sababu unarudiwa kwa sayanaidi kutoa dhahabu iliyosalia. Sayanaidi inavunjika juani baada ya muda. Zebaki haivunjiki, wala aseniki ambayo mara nyingi imo ndani ya mawe yenyewe ya ukanda huu, wala risasi. Zinakaa udongoni, na mboga inayoliwa majani inaweza kuzinyonya au kuzibeba juu yake. Aliye hatarini zaidi ni mtoto aliye tumboni, maana zebaki inaharibu ubongo unaojengeka. Dunia ilijifunza hili Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa samaki wenye zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956 na watoto walizaliwa na ulemavu kwa mama walioonekana wazima. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki, wa mwaka 2013, ukapewa jina la mji huo.

Mnaona sasa kwa nini nawaambia maharusi. Utafika mwezi wa kwanza, utatafuta gunia la bei rahisi, na katika mji wa madini gunia la bei rahisi kuliko yote ni kiroba kilichobebea mawe. Utatafuta pipa la kukata katikati, na jirani atakuambia kuna mapipa mazuri yametoka kwenye uchenjuaji. Utatafuta mchanga mlaini wa kuchanganya, na mchanga mlaini kuliko wote ni marudio. Vyote vitatu vikatae. Kanuni za kimataifa za sayanaidi zenyewe zinataka vyombo vyake visitumike kwa kazi nyingine yoyote, vioshwe na kupondwa. Pipa likiuzwa mtaani, jua kuna aliyepuuza kanuni. Usitumie hata kwa maua, kwa sababu mwenye nyumba atakayekuja baada yako hatajua lilikuwa la nini, atalijaza maji ya kunywa.

Chombo salama ni kile ambacho unajua kilichokuwamo, na kilichokuwamo kiwe chakula. Mimi ninayempenda ni dumu la njano la lita 20 la mafuta ya kula. Kanda ya Ziwa ni nchi ya pamba na alizeti, kwa hiyo madumu hayakosekani. Lilaze, kata upande mmoja uache mkono wa kubebea, toboa matundu manane mpaka kumi upande wa chini kwa msumari wa moto, weka vijiwe tabaka moja, kisha udongo. Linatosha safu mbili za mchicha au mgagani. Liinue juu ya matofali mawili, lisikae kwenye saruji, maana saruji ya mchana inapika mizizi. Ukipata chokaa, lipake nje. Jua la Shinyanga si la Jambiani lenye upepo.

Gunia liwe la unga au sukari, liliobebwa kutoka dukani na si kutoka machimboni. Chukua kopo kubwa lisilo na kitako wala mfuniko, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze vijiwe. Zunguka nje yake kwa udongo. Kisha livute kopo juu na uendelee hivyo mpaka gunia lijae. Utakuwa umejenga nguzo ya mawe ndani, na maji utakayomwaga juu yatafika mpaka chini, la sivyo miche ya chini itakufa kwa kiu na ya juu itaoza. Toboa pembeni kwa kupishanisha, usitoboe mstari mmoja, gunia litachanika. Udongo: mafungu matatu ya udongo wa juu wa shambani, moja la samadi iliyokaa miezi na kupoteza harufu, moja la mchanga wa mtoni, na uhakikishe mto huo haupiti mwaloni. Samadi Usukumani ni kama nazi kwetu, utapewa bure na kushukuriwa.

Ukitengeneza kasha la mbao za paleti, ambazo miji ya migodi inazitupa kwa wingi, tazama muhuri uliochomwa ubaoni. HT maana yake ubao ulitibiwa kwa joto, chukua. MB ulitibiwa kwa gesi ya sumu, achana nao. Usio na muhuri wowote uwe wa kuni? Hapana, hata moshi wake sipendi. Uache. Tairi mimi naziachia maua. Wengine wanapanda mboga humo na hatutagombana.

Maji nayo yana hesabu. Bomba la maji ya Ziwa lilifika Kahama na Shinyanga mwishoni mwa miaka ya 2000, na limepunguza adha, lakini maji unalipia. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, chini ya lita. Sisi tunafungua bomba. Tawadha juu ya beseni, na maji yale yaende kwenye dumu la mchicha. Ya sabuni ya nguo yasiende.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niyapende madumu haya. Katika Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 mwanamke alikuwa nyuma sana katika urithi wa ardhi ya ukoo, na ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa haki sawa, kati ya sheria na boma kuna mwendo mrefu. Mpangaji ndiyo kabisa, akiambiwa hama anahama na alichopanda kwenye uwanja wa watu anakiacha. Kilichopandwa kwenye dumu kinapanda gari pamoja na godoro.

Basi asumini. Kabla hujaondoka Unguja, kata vipande vya urefu wa kiganja kutoka tawi lililokomaa, unene wa penseli, ondoa majani ya chini uache mawili ya juu, vifunge kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye matundu. Ukifika, viweke kwenye mchanga na udongo nusu kwa nusu, kivulini, vitano kwa kopo moja, kwa sababu viwili huenda visiishi. Vinachukua kama mwezi au mwezi na nusu kutoa mizizi, na katika muda huo vitaonekana vimekufa. Usiving'oe kuangalia.